Mto ukishusha maji: cha kufanya ukiona kitu cha kale mchangani

Mvua kubwa ikishapita, mito yetu huwa na sura mpya. Mahali palipokuwa na mchanga wa kufika magotini hubaki mwamba mtupu, na ukingo uliokuwa na mti hubaki genge jekundu, mizizi ikining'inia. Wateka maji, wachungaji na wavunaji wa mchanga ndio huwa wa kwanza kuona kilichofichuliwa. Huenda ni kipande cha chungu, pete ya shaba, chuma kilicholiwa na kutu, au mawe meusi mazito yanayong'aa kama kioo kilichoyeyuka.

Tangu zamani vitu hivi viliokotwa, vikatazamwa, na mara nyingi vikatupwa. Siku hizi kuna mambo mawili mapya. La kwanza ni kwamba karibu kila kituo cha biashara kina mtu anayenunua vyuma vikuukuu kwa kilo. La pili ni vile vifaa vya kutafutia chuma vinavyouzwa mitandaoni, vyenye mpini mrefu na sahani ya mviringo mwishoni, pamoja na video za watu wa ng'ambo wakitembea ufuoni baada ya dhoruba na kufukua sarafu za dhahabu. Kijana wa Kibwezi au Ikutha akitazama video hizo anajiuliza swali la haki kabisa: sisi hatuna bahari, lakini tuna mito ya mchanga. Je, naruhusiwa kutafuta?

Jibu fupi ni hapana, isipokuwa kama una leseni. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza mtu yeyote kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa, kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, bila leseni ya uchunguzi kutoka kwa Waziri anayehusika. Katazo hilo lina nguvu hata kama shamba ni lako na hati ya kumiliki iko kabatini. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, na ndiyo sababu tumeona tueleze kwa kirefu sheria hii inalinda nini, na mkaazi aliyekutana na kitu kwa bahati afanye nini.

Tuanze na maji yenyewe. Wanaotafuta vitu ufuoni huenda baada ya mawimbi makali kwa sababu mawimbi huchagua. Mchanga ni mwepesi, hivyo hubebwa. Sarafu, risasi, misumari na pete ni vizito, hivyo hubaki nyuma na kukusanyika mahali pamoja. Pwani ya Kenya ina mengi ya kubaki nyuma. Merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, na wanaakiolojia waliichunguza chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna mabaki mengine ya chombo kinachodhaniwa kuwa cha Wareno.

Mto wa msimu hufanya kazi ileile, tena kwa nguvu zaidi. Thwake, Kaiti, Tiva na Enziu ikifurika, hubeba mchanga, changarawe na magogo kwa saa chache, kisha hutulia. Vitu vizito hushuka hadi kwenye mwamba, au hunaswa nyuma ya jiwe kubwa na kwenye upande wa ndani wa kona ya mto. Mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui na Makueni zinajulikana nayo duniani, yanafuata kanuni hiyohiyo: mchanga mzito hutulia nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu.

Hapo kuna tofauti moja ambayo mkaazi akiishika atakuwa amejua jambo kubwa. Kitu kilicholala katikati ya mchanga wa mto kimehama. Huenda kilitoka kilomita 1 juu au kilomita 40, na hakuna ajuaye. Lakini kitu kinachochungulia kutoka kwenye genge la ukingo, kikiwa bado kimeshikwa na udongo, huenda kipo palepale kilipoachwa. Juu yake kuna tabaka za udongo wa baadaye, chini yake za awali, na kando yake pengine kuna mkaa, mifupa au vigae vya wakati uleule. Huo ukingo ni kama kitabu kilichofunguliwa. Anayechomoa chuma hicho kwa jembe amechana ukurasa, na mvua ijayo itamalizia.

Sasa kifaa. Kinafanana kwa kazi na kile ambacho mlinzi wa benki hukupitishia mwilini. Umeme unaopita katika koili ya ile sahani hutengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini kwa kina kidogo. Ukikuta chuma, shaba au fedha, metali hiyo hujibu kwa uga wake, na kifaa hulia. Hakiwezi kukuambia kitu kina umri gani. Kizibo cha soda cha mwaka jana na pete ya miaka 300 vyaweza kulia kwa sauti zinazokaribiana.

Tena kwetu kifaa hicho kina tabu ya pekee. Mchanga wa mito mingi ya Ukambani una mistari ya mchanga mweusi unaovutwa na sumaku. Watoto huuchezea kwa sumaku ya spika ya redio iliyoharibika. Mchanga huo ni chuma, na Kitui Kusini, upande wa Ikutha, mawe yenye chuma cha aina hiyo yanajulikana na yamechunguzwa kwa nia ya kuchimbwa. Kifaa kikipita juu ya mchanga mweusi hupiga kelele bila sababu ya maana, na mwenyewe huchimba mashimo kumi kupata msumari mmoja.

Mchanga mweusi huo ndio unaotupeleka kwenye hazina halisi ya ardhi hii. Kabla ya majembe ya dukani, wahunzi wa Kikamba walikusanya mchanga wa chuma kutoka mitoni baada ya mvua, wakaupembua kwa maji hadi ukabaki ule mzito, kisha wakauyeyusha kwa mkaa katika matanuri ya udongo, mivukuto ikipuliza hewa kupitia mirija ya udongo. Kutokana na chuma hicho walifua vichwa vya mishale, majembe, visu na panga. Walivuta pia nyaya nyembamba na kusuka mikufu myembamba ambayo leo imo katika makavazi ya Ulaya na kusifiwa kwa ufundi wake.

Tanuri la namna hiyo likishabomoka haliachi dhahabu. Huacha duara la udongo ulioungua, vipande vya mirija, na mavi ya chuma, yaani yale mawe meusi mazito yenye mapovu niliyotaja mwanzoni. Wengi wetu tumeyapiga teke tukienda shule bila kujua. Kwa mwanaakiolojia, mavi ya chuma yana thamani kuliko pete. Ndani yake mara nyingi kumenaswa punje za mkaa, na mkaa unaweza kupimwa umri kwa njia ya kaboni. Kutokana na rundo moja lisiloguswa unaweza kujulikana wakati wahunzi walipofanya kazi pale, mti walioukata kwa mkaa, na joto walilofikisha tanuri lao.

Na hapa ndipo kifaa cha kutafutia chuma kinapoleta hasara kubwa kuliko mahali pengine. Mavi ya chuma hukilia kifaa sana. Mtu asiyejua hudhani amefika penye mali, anachimba rundo zima, anatupa udongo uliochomwa, anavunja mirija, na jioni anaondoka mikono mitupu akidai pale hapakuwa na kitu. Kumbe kilichokuwepo ndicho alichokivunja.

Kuna pia vitu ambavyo kifaa hakivioni kamwe. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara kati ya bara na Mombasa. Kivoi wa Kitui, ambaye ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu mwenye jina kubwa. Pembe zilishuka pwani, na kutoka pwani zikapanda nguo, nyaya za shaba na ushanga. Waya wa shaba utakilia kifaa, lakini ushanga hautakilia, wala vigae, wala mfupa. Ushanga na vigae ndivyo mara nyingi humsaidia mtaalamu kujua waya ule ni wa lini. Anayechimba kwa kufuata mlio huchukua kisichojieleza na kutawanya kile kingeeleza.

Msomaji ataniuliza: kitu kinahesabiwa kuwa cha kale kuanzia lini? Sheria imechora mstari katika mwaka 1895, ambao ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka huo ni kitu cha kale kisheria, na vilevile mabaki ya binadamu, wanyama na mimea ya umri huo. Vitabu na hati havimo katika fungu hilo.

Kwa kaunti zetu mbili mstari huo una mambo yake ya kuchekesha kidogo. Wamisionari wa Kijerumani walifika Ikutha mapema katika miaka ya 1890, na Waskoti walianzisha misheni yao Kibwezi mwaka 1891 kabla ya kuihamishia Kikuyu mwaka 1898. Kifungo cha koti kilichodondoka Ikutha mwaka 1893 kimo ndani ya sheria. Lakini reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kupita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud ikielekea Nairobi, ilikofika mwaka 1899. Msumari wa reli hiyo, ingawa babu yako hakuwa amezaliwa, umekosa mstari kwa miaka michache. Usifurahi mapema, hata hivyo. Serikali inaweza kutangaza vitu vya baadaye kuwa vinalindwa, na chuma cha reli kina mwenyewe. Kukiuza ni wizi wa mali ya umma hata kama hakina historia yoyote.

Sarafu nazo huulizwa sana. Zile zenye tundu katikati na maandishi ya Afrika Mashariki, za senti 1, 5 na 10, ni za karne ya 20, wakati wa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Zimejaa katika mashamba ya Ukambani, na hakuna sheria ya vitu vya kale inayokudai. Kabla ya shilingi kuanza kutumika mwaka 1921 fedha iliyotembea hapa ilikuwa rupia, hivyo ukiokota rupia isafishe kwa maji tu, usiisugue kwa mchanga wala kuitia asidi ya betri, kisha soma mwaka ulioandikwa. Ikiwa ni wa kabla ya 1895, umeshika kitu kinachohusika.

Nimesema mahali kitu kilipokutwa pana thamani kuliko kitu chenyewe. Mfano ninaoupenda unatoka mbali. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika mchanga wa ufuo wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Aliziweka kwenye kopo kwa zaidi ya miaka 30. Zilipofika kwa wataalamu ilibainika kwamba tano kati yake zilikuwa sarafu za masultani wa Kilwa, hapa kwetu Afrika Mashariki, za karne nyingi zilizopita. Zimefikaje huko? Mpaka leo watu wanabishana. Sarafu hizo zingekuwa vipande vya shaba visivyo na maana, ila Isenberg alifanya jambo moja la busara: alichora alama kwenye ramani kuonyesha alipoziokota. Watafiti waliofuata walikuwa na mahali pa kuanzia.

Nyumbani, mwaka 2010 ilipatikana Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle wa karne ya 15, na mwaka 2013 nyingine ya enzi hiyo ikapatikana kisiwani Manda, Lamu. Zote mbili zilitolewa ardhini na wanaakiolojia, tabaka kwa tabaka, huku kila kitu kikiandikwa. Sarafu kama hizo zinaweza kununuliwa kwa bei ya chini katika maduka ya wakusanyaji duniani. Zilileta habari kubwa kwa sababu ilijulikana zilitoka wapi na zilikuwa pamoja na nini.

Kumbukumbu pia ndiyo hurudisha kilichoibwa. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alipiga picha vigango viwili vya familia ya Kimijikenda huko Kilifi. Baadaye kidogo viliibwa, vikavuka bahari, na kuishia katika makavazi ya Marekani. Vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na picha ile ndiyo iliyothibitisha ni vya nani. Vigango vingine vingi vilivyouzwa ng'ambo havina picha ya namna hiyo.

Basi ukikuta kitu, ufanyeje? Kwanza simama. Kama kimeshikwa na udongo wa ukingo au kiko ardhini, kiache hapo. Kukichimbua ndiko kunakohitaji leseni. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote: moja ya karibu, ukiweka kalamu au sarafu ya shilingi 10 kando yake ili ukubwa uonekane, na nyingine ya mbali inayoonyesha mto, mti au daraja lililo karibu. Washa ramani ya simu na uhifadhi mahali uliposimama. Kama simu yako haina ramani, andika jina la kijiji, jina la mto, na upande wa mto unapotazama maji yanakokwenda. Andika tarehe.

Kama kitu kilikuwa kimelegea mchangani na kitasombwa usiku huo, au tayari umekiokota, kifunge kwa karatasi au kitambaa kikavu, usikisafishe. Kutu usiikwangue. Chini ya kutu huenda kuna alama, na wakati mwingine kutu ndiyo iliyobakia ikishikilia umbo.

Kisha toa habari ndani ya siku saba. Muda huo si pendekezo letu, umo katika sheria. Anayevumbua kitu cha kiakiolojia anatakiwa kuiarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kueleza mahali hasa na jinsi alivyokipata, na kukikabidhi kwao au kwa msimamizi wa serikali kuu katika eneo lake atakayewawekea. Kwa mkaazi wa kawaida njia rahisi ni kwa naibu chifu au chifu, ambaye atapeleka habari kwa naibu kamishna wa kaunti. Unaweza pia kumwona msimamizi wa wadi yako, naye atawasiliana na idara ya utamaduni ya kaunti. Mtu huuliza kwa nini kaunti isikichukue tu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti shughuli za utamaduni na makavazi ya kaunti, lakini kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki kwa serikali kuu, na leseni za kuchimba hutolewa huko. Sisi ni daraja. Ukikabidhi kitu, omba karatasi yenye sahihi, tarehe na maelezo ya kitu. Hiyo ni haki yako na kinga yako.

Kukaa kimya ni kosa, na kitu chenyewe kinaweza kutwaliwa. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayekuambia ana mnunuzi Dubai anakualika katika makosa mawili kwa mpigo.

Je, utalipwa? Hapa ni afadhali nikuambie ukweli. Uingereza ina sheria ya hazina ya mwaka 1996 ambayo humzawadia aliyepata na mwenye shamba, na kuna mpango wa kuandikisha vitu vilivyookotwa na raia ambao umefikisha zaidi ya vitu milioni moja. Kwetu mpango kama huo haupo. Anayetoa habari leo anapata shukrani na karatasi. Kwa maoni yangu huo ni udhaifu, kwa sababu mnunuzi wa vyuma vikuukuu hulipa papo hapo, na mtu aliye na karo ya kutafuta hawezi kulaumiwa kwa kuona tofauti hiyo. Lakini tofauti yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Chuma kilichooza kwenye kutu kwa miaka mia mbili hakina uzito wa maana kwenye mizani. Utauza historia ya ukoo wako kwa bei ya sukari robo kilo.

Kwa wanunuzi wa vyuma: nchi hii ilisimamisha biashara yenu mwaka 2022, kuanzia Januari hadi Mei, kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Ipo Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015, inayotaka leseni. Mtu akikuletea mkufu wa kale au kichwa cha mkuki, kukikataa na kumwelekeza kwa chifu hakukupunguzii faida yoyote.

Kwa upande wa Makueni, wavunaji wa mchanga wana nafasi ya pekee, kwani wao hugusa mchanga mwingi kuliko mtaalamu yeyote atakavyougusa maishani. Kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na mahali pa kuvuna panasimamiwa. Mwenye zamu mahali hapo akipokea habari ya kitu kisicho cha kawaida, asimamishe koleo sehemu hiyo tu, kazi iendelee kwingine. Hakuna anayefunga mto mzima kwa ajili ya kigae.

Wapo wanaodhani taarifa za namna hii huishia kwenye droo. Wakumbuke Mukuku, Mbooni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma, yenye kipenyo cha kama mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500, ilianguka kutoka angani. Wakaazi walitoa habari, polisi wakalinda mahali, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likafika na kueleza kwamba kilikuwa kipande cha roketi. Chuma kile kingekatwa vipande usiku huohuo na kuuzwa kwa kilo, tusingejua kilikuwa nini.

Yapo na mahali ambapo hata kupita na kifaa ni utovu wa adabu, leseni au hakuna. Mathembo, ambako wazee walitoa sadaka, na makaburi, yawe yana alama au hayana, si mahali pa kutafuta mali. Kabla ya mtafiti yeyote halali kuingia eneo kama hilo huonana na wazee. Ukimwona mgeni mwenye kifaa anazunguka ithembo usiku, mwite chifu.

La usalama limebaki, na sitalifupisha sana. Mto wa msimu unaweza kufurika chini ya jua kali kwa sababu mvua imenyesha milimani usikoiona. Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilisombwa katika mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Usishuke mtoni kutazama kilichofichuliwa hadi maji yatulie kabisa na mvua ya juu ikatike. Genge lililokatwa na maji nalo huporomoka bila onyo, hasa siku linapoanza kukauka, na anayechimba chini yake ndiye hulianguisha.

Halafu kuna vyuma vinavyolipuka. Huko Archer's Post na Dol Dol, wafugaji wengi walikufa au kukatwa viungo na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi ya kijeshi, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200. Wengi wa waathiriwa walikuwa wachungaji. Ukiona kitu kizito chenye umbo la chupa au yai, chenye mapezi, pete au kifuniko cha shaba, usikiguse, usikirushie jiwe, usikipime kwa kifaa. Ondoa watoto na mifugo, weka alama ya kitambaa kwa mbali, na upige simu polisi kwa nambari 999 au 112.

Na kama atakuja mtu na ramani ya siri ya mali aliyoifukia Mjerumani au Mhindi wa reli, akitaka umchangie pesa za kukodi mashine ya kuitafuta, peleka jina lake kwa naibu chifu siku hiyohiyo, wala usingoje zile siku saba.